Mauntini za Injini: Neno kwa Mwanachama Atakaye Kutia Injini ya Dizeli katika Land Rover Yake

Wanachama kadhaa wenye Land Rover za zamani wametuuliza habari za kutoa injini ya petroli na kutia ya dizeli iliyotoka katika gari lililokwisha bodi, kama vile Toyota Hiace au Hilux. Sababu yao twaifahamu. Ile injini ya petroli ya sentimita za ujazo 2,286, iliyoanza kutiwa katika Land Rover mwaka 1958, hunywa mafuta sana, na vipuri vyake ni vya kuagiza mbali. Na injini ya Toyota ya namna ya 3L, yenye ujazo wa 2,779, mafundi wengi wa Unguja na Pemba wameifungua na kuifunga mpaka wanaijua kama mfuko wa kanzu zao. Basi hatuna la kumzuia mtu. Hata katika magari mapya jambo hili limefanyika: Land Rover zilizoanza kutumiwa na jeshi la Australia mwaka 1987 zilitiwa injini ya dizeli ya Isuzu 4BD1, nazo zilifanya kazi miaka mingi katika nchi ngumu.

Lakini maswali yaliyotufikia yalihusu bei ya injini, namna ya kuiunganisha na giaboksi, na kiasi cha dizeli itakachokunywa. Hapana hata mmoja aliyeuliza injini hiyo itakalia nini. Nasi twaona hilo ndilo swali la kwanza, maana kazi nyingi za namna hii huharibika hapo, katika mauntini, yaani zile shikizo za chuma na mpira ambazo injini huzikalia juu ya chasisi. Injini ya Toyota ina masikio yake mahali pake, na chasisi ya Land Rover ina vikalio vyake mahali pengine. Haviwezi kukutana mpaka fundi atengeneze mauntini mpya kwa mkono wake.

Mwanachama hahitaji kuelezwa maana ya gari kusimama njiani magharibi, nalo limepakia karafuu mbichi. Karafuu zilizochumwa zataka kuchambuliwa makonyo mapema na kuanikwa jua likitoka. Zikilala guniani zimesongamana hupata joto na kuchacha, na hata zikikauka hutoka zimesinyaa na rangi imepauka, na mnunuzi huziteremsha daraja. Magunia matatu ya karafuu mbichi hutoa kiasi cha gunia moja la kavu. Anayepoteza shehena moja kwa sababu ya mauntini iliyokatika amepoteza kazi ya wachumaji siku nzima. Na hasara ya karafuu ndiyo nafuu. Iko kubwa zaidi, nayo tutaitaja.

Kazi ya mpira

Zamani injini zilifungwa kwa bolti moja kwa moja juu ya chasisi, chuma kwa chuma, na abiria walitikisika pamoja nayo. Mwaka 1931 kampuni ya Chrysler ya Marekani ilitoa gari la Plymouth lenye injini iliyokalishwa juu ya mpira kwa mpango maalumu, ya mbele ikishikwa juu na ya nyuma ikishikwa chini, ili injini itikisike yenyewe bila kulitikisa gari. Mpango huo waliuita Floating Power, na mwaka uliofuata Citroën wa Ufaransa wakaupata kwa haki ya kuutumia katika magari yao. Tangu hapo mpira haukutoka tena.

Kwa nini basi mpira, na kwa nini si mpira wowote? Injini ya silinda nne ya namna hii hupiga mishindo miwili katika kila mzunguko. Ikinguruma polepole kwa mizunguko 750 kwa dakika, hiyo ni mishindo 25 kila sekunde. Mpira nao, ukibeba uzito, una mdundo wake wenyewe wa kupanda na kushuka. Mdundo huo ukikaribiana na ule mshindo wa injini, mambo huwa kama mtoto katika pembea: ukimsukuma kwa wakati wake, msukumo mdogo humpeleka juu sana. Mdundo wa mpira ukiwa wa polepole mbali na mshindo wa injini, msukumo hupotea bure na gari hutulia.

Liko jambo zuri hapa, kwamba mdundo huo waweza kupimwa kwa rula. Injini ikiteremshwa juu ya mauntini, mpira hushuka kidogo. Ukishuka nusu milimita tu, mdundo wake ni kama 22 kwa sekunde, karibu kabisa na ile mishindo 25. Gari hilo litatetemeka mpaka vioo vilie. Ukishuka milimita 3 hivi, mdundo huwa kati ya 9 na 12, na huo ndio unaofaa. Kwa hiyo mwenye gari na achukue rula, apime nafasi kati ya chuma cha juu na chuma cha chini kabla injini haijateremshwa, kisha apime tena injini ikiwa imekaa kwa uzito wake wote. Kipimo hiki hakina gharama, nasi tungependa kila mwanachama akidai mbele ya fundi kabla ya kutoa shilingi ya mwisho.

Kipimo hicho hicho chaonyesha ubaya wa vipande vya tairi. Tumepata kuona mauntini nyingi zilizotengenezwa kwa kukata tairi kuukuu, kupanga vipande viwili vitatu, na kupitisha bolti ndefu katikati, kisha kuikaza kwa nguvu zote. Tairi lina nyuzi au waya ndani, halikutengenezwa lishuke. Na bolti iliyokazwa kupita katikati ni njia ya chuma kwa chuma, kwa hiyo mtetemo hupita hapo kana kwamba hapana mpira. Matokeo hayaonekani siku ya kwanza. Baada ya miezi rejeta huvuja kwenye maungio, waya hukatika, bomba la eksozi hupasuka, na mwisho sikio la bloku lenyewe huvunjika. Bloku ni chuma cha kusubu, si chepesi kuungika. Mpira ufaao ni ule uliogandishwa na chuma kiwandani, na ulio bora zaidi ni wa gari lile lile ilikotoka injini, maana uliundwa kwa uzito wake. Ununuliwe mpya. Wa kale umeshakunywa mafuta, umevimba na kulegea.

Nguvu inayoivuta injini

Watu wengi hudhani mauntini hubeba uzito tu. Lakini gari linapoondoka, nguvu inayoizungusha propela upande mmoja huisukuma injini upande wa pili, kama mtu anayekaza nati kubwa akiwa amesimama ndani ya ngalawa: nati yazunguka huku, na ngalawa yainama kule. Katika magari haya, ukikaa kitini ukatazama mbele, injini hujiinua upande wa kushoto na kujikandamiza upande wa kulia. Ukitia rivasi mambo hugeuka.

Tupige hesabu ndogo. Injini ya 3L hutoa msokoto wa kiasi cha kilo 19 katika mkono wa mita 1. Gia ya kwanza ya Land Rover hukuza msokoto huo mara 3.6 hivi, ukawa 68. Ikiwa mauntini mbili za mbele zimeachana nusu mita, na tukisema kwa kurahisisha hesabu kwamba hizo peke yake ndizo zibebazo msokoto, basi ya kushoto yavutwa juu kwa kilo 136, na ya kulia yakandamizwa kwa kilo 136 zaidi ya uzito iliokwisha kubeba. Tia sasa gia ya nguvu ya chini upande kilima chenye tope nawe umepakia, zidisha tena kwa 2.3: karibu kilo 313. Mauntini za giaboksi husaidia kubeba sehemu yake, ni kweli. Lakini dereva anayeachia klachi ghafla hurudisha yote hayo na kuzidisha, tena kwa kishindo.

Hapo ndipo palipo na ile hasara kubwa. Mwaka 1971 kampuni ya General Motors ya Marekani ilibidi iyaite magari yake karibu milioni 6.7, mengi yao Chevrolet, kwa ajili ya mauntini. Mpira ulikuwa ukibanduka kwenye chuma. Injini ikajiinua upande wa kushoto, ikavuta mitambo ya mafuta, na mafuta yakabaki wazi hata dereva akiondoa mguu. Gari lakimbia lenyewe. Dawa waliyoifanya ilikuwa kufunga kamba ya chuma ya kuizuia injini isijiinue. Ikiwa jambo hili laweza kutokea katika gari lililotoka kiwandani, sisi tunaochomelea chini ya mwembe yatupasa kulifikiria mapema. Mauntini ifanywe hivi, kwamba hata mpira ukibanduka wote, injini isiweze kutoka: chuma cha juu kikumbatie chuma cha chini, au bolti iwe na washa pana upande wa pili itakayoikamata. Au fungeni kamba ya chuma upande wa kushoto, yenye ulegevu wa sentimita moja na nusu hivi, kutoka kwenye bloku hadi kwenye chasisi. Ni kazi ya nusu saa.

Namna ya kuifanya

Sisi twaonelea giaboksi ya Land Rover ibaki pale pale ilipo, juu ya mauntini zake za asili mbili. Injini mpya iunganishwe nayo kwa bamba lililotengenezwa na fundi wa kukereza vyuma, na kazi hiyo asipewe mtu wa kukisia, maana mstari wa injini na mstari wa giaboksi vikitofautiana hata sehemu ndogo ya milimita, beringi ya mbele ya giaboksi haitakaa. Kufanya hivi kuna faida kubwa: giaboksi ndiyo inayoiambia injini ikae wapi, na pembe za propela hazibadiliki. Mwenye kubadilisha giaboksi pia amejitwisha kazi ya pili, ya kupima pembe za krosi za mbele na za nyuma zipate kulingana, wala hatutaieleza hapa.

Kwanza chasisi ioshwe na kugongwagongwa kwa nyundo. Chasisi ya Land Rover ni sanduku lililoungwa kwa mabamba ya kiasi cha milimita 2 tu, na hewa yetu ya chumvi huila kwa ndani. Palipo na sauti ya kopo badala ya sauti ya chuma, pakatwe na kutiwa kiraka kabla ya jambo lolote. Kuchomelea mauntini mpya juu ya kutu ni kujenga juu ya mchwa.

Injini ikishafungwa kwenye giaboksi, mbele yake ishikwe kwa mnyororo wa kapi kutoka juu na kuegemezwa kwa gogo chini ya bloku. Isiegemezwe kwenye sampu, maana bakuli hilo ni bati. Ndipo ianze kazi ya macho. Feni iwe mbali na rejeta si chini ya milimita 25. Itazamwe stata, pampu, bomba la eksozi na mkono wa usukani. Khasa litazamwe difu la mbele, ambalo katika Land Rover limekaa upande wa kulia: hupanda juu gari likiingia shimoni, na sampu ya injini iliyotoka katika gari la abiria huenda ikawa na kina mahali hapo hapo. Usitazame gari likiwa limetulia tu. Ekseli ipandishwe kwa jeki mpaka igonge vizuizi vyake, kisha mtu atie mkono ahakikishe. Sampu inayogusa difu siku ya ukaguzi itatoboka safari ya kwanza ya shamba.

Mahali pa injini pakishathibiti kwa pima maji na kwa timazi, usiguse chuma bado. Chukua maboksi ya karatasi ngumu, ukate mfano wa kila kipande: kile kinachoshika bloku, na kile kinachokaa juu ya chasisi, na mpira katikati yao. Hapo usisahau zile milimita 3 ambazo mpira utashuka. Karatasi hukatwa kwa mkasi na kosa lake halina gharama. Tumeona mafundi wakikata chuma mara nne kwa uvivu wa kukata karatasi mara moja.

Kipande cha injini kifungwe katika matundu yale yale ya bloku yaliyotengenezwa kwa ajili ya mauntini, na yatumike yote. Bolti ziwe za daraja 8.8, na bolti ya milimita 10 izame ndani ya bloku si chini ya milimita 15. Bamba la milimita 6 lafaa, likipewa mbavu ya pembetatu ili lisipinde. Hatupendi mauntini za nondo za nyumba. Nondo ni nzuri ndani ya boriti ya saruji. Hapa hutetemeka, hupata ufa kwenye mchomeleo, na hukatika bila ya kutoa habari.

Upande wa chasisi kuna hatari nyingine. Bamba nene la milimita 6 likichomelewa juu ya ukuta wa milimita 2, ule mwembamba hupasuka pembeni mwa mchomeleo. Kwa hiyo kwanza itiwe sahani pana ya milimita 3, yenye pembe za mviringo, iueneze mzigo. Nayo ichomelewe zaidi kwa mistari inayofuata urefu wa chasisi kuliko ile inayoikata. Mwenye kupenda bolti badala ya kuchomelea, basi kila bolti ipite ndani ya kipande cha bomba kilichochomelewa kutoka ukuta hadi ukuta, vinginevyo atakapoikaza sanduku litabonyea.

Sasa kuchomelea kwenyewe. Vipande vishikizwe kwa nukta nne tu vikiwa mahali pake na injini imekaa. Kisha injini iinuliwe, mpira utolewe, na vipande vya injini viondolewe vikamalizwe mezani. Vile vya chasisi vimalizwe pale pale. Mpira ulioachwa karibu na mchomeleo hubanduka kwa joto, nao utaonekana mzima kwa nje. Betri ifunguliwe, tanki na mabomba ya mafuta yaondolewe, na waya wa kurudishia umeme wa mashine ubanwe karibu na mahali panapochomelewa, umeme usipite katika beringi. Chuma kikipoa hujivuta, kwa hiyo tundu moja la kila mauntini liachwe refu kwa milimita 3, ili injini iweze kusogezwa ikae bila ya kulazimishwa. Mauntini iliyoingizwa bolti kwa kugongwa kwa mtarimbo imeanza kazi ikiwa imechoka. Fundi asitumie bomba la mabati lenye ngozi ya zinki bila ya kuisugua kwanza: moshi wake humpa mtu homa usiku ule.

Baada ya rangi, na baada ya kutia bati la kukinga joto kati ya eksozi na mpira, injini iwashwe. Dereva akanyage breki, atie gia ya kwanza na kuachia klachi kidogo kidogo, na mtu wa pili atazame kutoka ubavuni, kamwe asisimame mbele. Injini itainama, ni haki yake. Lakini feni isikaribie rejeta, wala mkono wa gia usiruke. Ifanywe hivyo tena kwa rivasi. Waya wa athi kutoka injini hadi chasisi usisahauliwe, maana mpira haupitishi umeme, na stata itatafuta njia nyingine kupitia waya wa klachi au wa mafuta na kuuchoma.

Bolti zote zikazwe tena baada ya kilomita 100, na baada ya shehena ya kwanza. Ufa mdogo hauonekani kwa jicho: pakeni mafuta ya taa kwenye mchomeleo, subirini kidogo, pangusieni mpaka pakauke, kisha pakeni chaki. Palipo na ufa mafuta yatatoka na kuchora mstari mweusi juu ya weupe. Kipimo hiki kifanywe kila mwanzo wa msimu, kabla ya gari kwenda shamba kuchukua wachumaji.

Yako mambo mawili ya pembeni. Ekseli za nyuma za Land Rover za zamani zajulikana kwa kukatika, na injini yenye nguvu zaidi haitazihurumia, basi dereva aambiwe. Tena nambari ya injini imeandikwa katika kadi ya gari. Injini ikibadilishwa, kadi nayo ibadilishwe na bima iarifiwe, kabla ya msimu na si baada ya ajali. Mwanachama atakayetaka kulinganisha mfano wake wa karatasi na wa mwingine na aulete ofisini kwetu kabla ya chuma hakijakatwa.